Tuta la Karibu na Jiko

Mwanamisi aliungua mkono Jumatatu asubuhi, ila mwenyewe hakujua. Alishika ukingo wa lile sufuria kubwa la shule bila kipande cha gunia alichozoea kushikia, akaliepua kutoka kwenye mafiga, akalitua chini taratibu kama siku zote. Aliyepiga kelele ni mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni akiangalia kama kuni zinatosha.

"Mama Zubeda! Mkono wako!"

Mwanamisi akautazama. Ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja, imekuwa nyeupe. Akasema, "Ee, umeungua," kwa sauti ambayo mtu husemea kuwa manyunyu yameanza, kisha akachukua upawa akaendelea kukoroga makande kwa mkono wa pili.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi jikoni tangu watoto walipougua. Mkono ulivimba, ukatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na wala haukumuuma. Hakuwa anajikaza. Haukumuuma tu. Chakula nacho hakikuwa na ladha, na maneno ya watu yalimfikia kana kwamba yanasemwa ng'ambo ya bonde. Majirani wakasema Mama Zubeda ni mwanamke jasiri. Watu bwana! Ukinyamaza wanakuita jasiri, ukilia wanakuita dhaifu, na hakuna anayekaa chini akakuuliza una nini.

Sasa ilikuwaje? Tuanzie kwenye bustani.

Shule yenyewe iko chini ya barabara iendayo Mtae, mahali ambapo mteremko umelegea kidogo, ukaacha nafasi ya madarasa manne, jiko la mabanzi na bustani inayoshuka mpaka kijitoni. Bustani hiyo ilikuwapo tangu enzi za kujitegemea, watoto walipolima kwa amri na mwalimu akisimama kivulini na fimbo. Baadaye ikaachwa, ikawa malisho ya mbuzi wa mwenyekiti. Ndipo akaletwa Mwalimu Cosmas.

Cosmas alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya chai ya upande wa Bumbuli. Baba yake alitoka Njombe kuja kuchuma chai mwaka mmoja, akasahau kurudi. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye kuamini vitabu kuliko ilivyo kawaida, na kitabu kimoja kilimwambia kwamba mtoto anapaswa kujua chakula chake kinatoka wapi. Kijiji kizima kilicheka. Mtoto wa Kisambaa afundishwe maharage yanatoka wapi, na yeye kabebwa mgongoni mama yake akiyapalilia? Lakini Cosmas aliwafukuza mbuzi, akagawa matuta kwa madarasa, akachonga vibao, akatoboa makopo ya kumwagilia. Ubaoni alichora mbegu, mshale, tuta, mshale, gari.

Latifa, mjukuu wa Mwanamisi, alikuwa darasa la tatu. Akanyoosha kidole. "Mwalimu, baada ya gari kuna nini?"

"Kuna soko."

"Na baada ya soko?"

Kengele ikalia, watoto wakatoka mbio, na swali likabaki hapo hapo ubaoni. Latifa alimsimulia bibi yake jioni ile, akiwa amekasirika kidogo, maana hakupenda jambo lisilofika mwisho. Mtoto huyu alikuwa akilelewa na bibi tangu mama yake, Zubeda, aolewe tena huko Magoma.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa. Ushirika uliokuwa ukinunua mboga na kuleta dawa ulikwishakufa, ofisi yake ikabaki na popo, na sasa kila mwenye lori alipanda mlima akanunua anachotaka kwa anayemtaka. Bwana shamba aliyekuwa akipita na dawa zenye karatasi ya maelezo akawa hapiti tena. Dawa ikauzwa sokoni kwenye chupa za soda, imezibwa kwa gunzi, na ukimuuliza muuzaji ni dawa ya nini anakujibu ni ya kuua. Wanunuzi hawakutaka kabichi yenye tundu hata moja. Basi watu wakapiga dawa, na walipoona inafanya kazi, wakapiga tena.

Ila hakuna aliyekula kabichi aliyoipiga dawa. Jambo hili halikuandikwa popote wala halikutangazwa mkutanoni. Kila nyumba ilikuwa na matuta ya gari, yaani ya kuuza, huko mbali, bondeni au nyuma ya mgomba wa mwisho, na ilikuwa na tuta la karibu na jiko, ambalo bomba la dawa haligusi. La karibu ni la kula. Marehemu mume wa Mwanamisi alitenga hivyo tangu siku chupa ya kwanza ilipoingia nyumbani, na hakuhitaji kueleza. Mtoto akitumwa mboga, miguu yenyewe inajua iende wapi.

Kambini kwa kina Cosmas mambo yalikuwa kinyume. Kule chai ilifika mpaka mlangoni, na wafanyakazi walilima mboga zao mbali, kando ya mto. Kwa hiyo alipoipanga bustani ya shule, matuta ya chakula cha watoto aliyaweka chini kabisa, karibu na maji. Yale ya kuuza, ambayo kamati iliyataka ili yalete madawati, aliyaweka juu, ubavuni mwa jiko, maana hapo lori linaweza kusogea. Alimweleza mwalimu mkuu. Alimweleza mwenyekiti wa kamati. Mpishi hakumweleza, na mpishi hakuuliza, kwa kuwa kila mmoja aliona jambo lipo wazi kama mchana.

Jumanne moja jioni, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani, Cosmas alijitwika bomba mgongoni akayapiga dawa matuta ya juu kwa mara ya kwanza. Hakujua vipimo, akaona heri izidi kuliko ipungue.

Jumatano, zamu ya kumwagilia ilikuwa ya watoto kumi na mmoja. Walikuwa wamefanya kazi vizuri, na Mwanamisi alipenda kuwatunuku wenye zamu. Akatoka jikoni na kisu, akapiga hatua nne, akakata kabichi mbili kutoka tuta la karibu. Aliziosha kwenye beseni kama anavyoosha siku zote, akazikatakata nyembamba, akatia chumvi na limau, akawawekea pembeni ya makande. Kachumbari mbichi, inalia mdomoni. Watoto wakagombania. Latifa, kwa kuwa alikuwa mjukuu, aliongezewa.

Kengele ya pili haikulia siku hiyo. Kwanza walianza kutokwa mate, kisha jasho, kisha matapishi. Gari la misheni lilikuwa linapita barabarani, likasimamishwa, wote kumi na mmoja wakapakiwa kupelekwa hospitali Lushoto. Njia nzima Mwanamisi alimpakata Latifa na kuyatazama macho ya mtoto, ambayo mboni zake zilikuwa zimesinyaa zikawa nukta. Mahali fulani kwenye kona za barabara ya mlimani, kabla ya kufika mjini, kitu ndani yake kilizima. Hakukisikia kikizima. Aligundua tu baadaye kwamba hakuna kinachowaka.

Watoto wote walipona. Siku ya tano walirudi, na watu wakamshukuru Mungu, na walikuwa na haki ya kumshukuru. Mwalimu Cosmas alilia mbele ya kamati. Kamati ikaamua ilikuwa bahati mbaya, ikaandika hivyo, ikaagiza kibao kipya chenye maandishi YA GARI kichomekwe kwenye matuta ya juu. Kamati ya shule ile, Mungu aipe umri mrefu, iliweza kukaa saa tatu ikijadili kitasa cha stoo, lakini hili lilikwisha kabla ya adhuhuri. Matuta yenyewe yaliachwa. Kabichi zilikuwa zimefunga vizuri, hazina tundu, na gari lingekuja Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Na Latifa? Alirudi amekonda, ila yule yule. Alilala na bibi yake kitanda kimoja, alimsimulia ndoto zake, alimfunga kitambaa kwenye mkono ulioungua. Lakini hakula chakula cha mkono wa bibi yake. Alikula ndizi iliyochemshwa na ganda lake, akaimenya mwenyewe. Alikula kiazi kitamu, alikula yai. Mwanamisi akisonga bada laini, ule ugali wa muhogo ambao mtoto alikuwa akiupenda tangu anaota meno, akaandaa na maharage na majani ya maboga, Latifa alisogea, akatazama, akauliza:

"Bibi, umechuma wapi?"

"Si hapo nje, mjukuu wangu. Karibu na jiko."

Mtoto alitikisa kichwa, polepole, kwa adabu. "Asante, Bibi. Nimeshiba."

Adabu ile ndiyo iliyokuwa mbaya. Angelia, angesusa, angerusha sahani, bibi angejua la kufanya. Mwanamisi alitaka jambo moja tu duniani, kwamba mtoto yule ale tena chakula chake. Alilitaka bila kulisikia, kama mtu anavyojua kwamba ana magoti hata asipoyatazama. Kila siku alipika, kila siku aliulizwa, kila siku alikula peke yake kitu kisicho na ladha.

Jumatano jioni, kesho yake gari lije, Latifa alikuwa anamenya kiazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Zile zilizobaki pale shuleni, za juu, atakula nani?"

"Gari linakuja kesho."

"Ee. Baada ya gari, atakula nani?"

Mwanamisi alitafuta jibu kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. "Sijui."

"Watoto?"

"Labda. Watu tu."

"Wakiugua, kule gari la misheni lipo?"

"Kula kiazi chako, kitapoa," alisema bibi. Mtoto akala kiazi chake.

Alhamisi asubuhi Mwanamisi alipita kwenye tuta lake la nyumbani akakata kabichi moja na kuitia kikapuni. Kamati ilikuwa inakutana, na kamati ikikutana mpishi huipikia. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi, na wapo wajumbe ambao mahudhurio yao yasingeelezeka kwa njia nyingine. Kwenye stoo kulikuwa na unga na maharage. Mboga aliileta ya kwake kwa sababu tangu siku ile hakuweza kuchuma chochote bustanini, si juu wala chini. Hakuwa na mpango wowote. Naliweka wazi hili, maana baadaye walisema alipanga.

Lori lilifika saa nne, likarudi nyuma mpaka ubavuni mwa jiko. Akashuka Alphonce, mnunuzi kutoka Dar es Salaam, mtu wa kitambi na vichekesho, ambaye kila safari aliwaletea walimu mikate miwili mitatu ya mjini. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akamtania mwalimu mkuu kuhusu baridi, akaingia kwenye bustani akabonyeza kabichi za juu kwa kidole gumba.

"Hizi ndizo," akasema. "Ngumu kama ngumi. Tule kwanza, halafu tupakie."

Walikaa kwenye madawati mabovu mbele ya ofisi: Mzee Athumani mwenyekiti, wajumbe watatu, mwalimu mkuu, Mwalimu Cosmas, na mgeni. Mwanamisi alileta maji ya kunawa, akaleta ugali, akaleta maharage. Mwisho akaleta bakuli kubwa la kachumbari, kabichi nyembamba iliyotiwa chumvi na limau. Aliliweka katikati ya meza.

Mikono iliyokwishaoshwa ikasimama hewani.

Mzee Athumani alikohoa. Akageuka kwa Mwanamisi, akamuuliza kwa Kisambaa, lugha ambayo mgeni hakuwa anaijua hata salamu yake: amechuma wapi?

Lilikuwa swali la Latifa, neno kwa neno. Na Mwanamisi, ambaye jibu la kweli lilikuwa rahisi na lilikuwa mdomoni, alisikia mdomo wake ukijibu, kwa Kisambaa vile vile, "Tuta la karibu na jiko la shule." Mpaka leo hajui kwa nini alidanganya. Labda alitaka kuona. Labda alikuwa amechoka kuwa yeye tu anayeulizwa.

Basi ungewaona waheshimiwa. Mzee Athumani akakumbuka kwamba tumbo lilimsumbua usiku. Mjumbe mmoja akavuta maharage upande wake kwa bidii kubwa. Mwalimu mkuu akachukua tonge, akalizungusha vidoleni, akalizungusha tena. Cosmas alikulia upande wa Bumbuli na Kisambaa kilikuwa kimemwingia; alilitazama bakuli, akaurudisha mkono wake.

Alphonce hakuwa na habari. Alimega tonge, akachota kachumbari ya kutosha, akatia mdomoni. Akafumba macho. "Aa, jamani! Mama, mkono wako una baraka. Kule kwetu limau hilo hatulipati." Akachota tena.

Mwanamisi alikuwa amesimama na jagi la maji. Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatazama milima. Aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, watu aliozaliwa nao, waliochimba kaburi la mume wake, wanaume ambao wangeweza kumbeba mgonjwa begani kutoka Mtae mpaka Lushoto bila kuuliza ni wa nani. Kila mmoja aliamini kwamba mgeni anakula sumu. Na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme. Lori lilikuwa pale pale, nyuma yake wazi. Alphonce alichota mara ya tatu.

Alijiona yeye mwenyewe pia, amesimama na jagi. Yeye alijua kabichi ile ni safi. Lakini ya kesho, ya huko Dar es Salaam, iliyo kwenye bakuli la mtu asiyejua, ataisimamia hivi hivi na jagi mkononi?

Jagi lilianguka. Alimshika Alphonce kifundo cha mkono kwa mkono wake ulioungua, akakaza.

"Baba, acha kula."

"Kuna nini, mama?"

Akamwambia. Alimwambia kwa Kiswahili, polepole, ili hata wale waliokuwa wanatazama milima wasikie. Watoto kumi na mmoja. Mate, jasho, macho. Tuta lile pale, ambalo ameshalibonyeza kwa kidole. "Hii uliyokula nimetoka nayo kwangu, ni salama, usiogope. Niliwadanganya hawa. Ila walioniuliza waliamini, na walikuacha ukala."

Alphonce alitema kilichokuwa mdomoni. Alisukutua, akatema, akasukutua tena, na salama aliyoahidiwa haikumzuia kuingiza kidole kooni nyuma ya jiko. Aliporudi hakuwa na kichekesho. Alikaa, akajifuta, akawatazama waliokula naye maharage.

"Mnajua, wazee," alisema, "kwangu nyumbani kabichi ya mlimani hailiwi. Mke wangu amepanda mchicha kwenye ndoo uani. Sokoni wote tunajua. Mnafikiri hatujui? Ila hapa nilikula. Nilisema hapa ndipo zinapotoka, wenyewe nipo nao mezani, watanipa wanachokula wao."

Jogoo wa mwalimu mkuu alidonoa tonge lililoanguka, na mwalimu mkuu akamfukuza haraka kuliko alivyomhurumia mgeni.

Ungetegemea basi mtu huyo apande lori lake aondoke kwa hasira. Hata Mwanamisi alitegemea hivyo. Lakini Alphonce alikuwa amepanda mlima na lori tupu, na sokoni wanamngoja. Alikunywa maji, akashusha pumzi.

"Sasa, mwenyekiti. Tunapakia, au hatupakii?"

Mzee Athumani alipata sauti yake. "Tunapakia," akasema. "Tunapakia, bwana."

Wakainuka. Mwanamisi alibaki amesimama kwenye maji aliyoyamwaga. Alikuwa amesema, na kusema hakukubadili kitu. Hakukasirika, hasira nayo haikuwapo mahali inapokaa. Alifikiri kama mpishi, kwa kuwa ndicho alichokuwa. Kabichi iliyokatwa haisafiri. Ikishaguswa na kisu, ikifika Mombo imeanza kulegea, na ikifika Chalinze inanuka. Hakuna mnunuzi anayepakia kabichi iliyokatwa.

Akaingia jikoni, akachukua panga la kuchanjia kuni, akapiga zile hatua nne.

Ya kwanza aliipasua katikati papo hapo kwenye shina lake. Ilitoa sauti ya kawaida kabisa. Ya pili. Ya tatu. Alikwenda na mstari, ameinama, bila haraka na bila kusimama, kama anayepalilia. Mzee Athumani alipaza sauti, "Mama Zubeda, umerukwa na akili? Mama Zubeda!" Akasogea, ila mwanamke mwenye panga asiyeinua kichwa si mtu wa kusogelewa. Alipofika kibao cha YA GARI alikizunguka, akaendelea na tuta la pili. Madirisha ya darasa la tatu yalikuwa yamejaa nyuso.

Alikuwa katikati ya tuta la tatu aliposikia jembe nyuma yake. Alikuwa Mwalimu Cosmas. Hakumtazama. Alikuwa anachimba shimo mwisho wa tuta, mbali na kijito, shimo refu, na alipolimaliza alianza kuzikusanya zile zilizopasuliwa kwa uma wa mbolea na kuzitumbukiza. Machozi yalikuwa yanamtoka tena, yule kijana. Mwanamisi alimwonea wivu kidogo.

Lori liliondoka tupu. Alphonce hakuaga, ila alipopita karibu na jiko alipunguza mwendo, akautazama mlango wake wa mabanzi, kisha akakanyaga mafuta. Mzee Athumani alingoja mpaka vumbi litulie.

"Mama Zubeda, kesho usije."

"Sawa," alisema Mwanamisi. Aliliosha panga, akalirudisha mahali pake, akachukua kikapu chake. Bakuli la kachumbari lilikuwa bado mezani, robo tatu. Alilichukua pia.

Nyumbani alimkuta Latifa amekwishafika, amekaa kizingitini na sare zake. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wameona kila kitu na walikuwa wamesimulia zaidi ya walichoona. Mtoto hakuuliza. Alimfuata bibi yake ndani, akamtazama akiinjika maji, akisonga bada, akiuweka kwenye sahani pamoja na ile kachumbari iliyobaki, ambayo sasa ilikuwa imelainika. Mwanamisi alikaa. Alingoja swali lake.

"Bibi," alisema Latifa, "zile za juu atakula nani?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna hata mmoja. Mwalimu kazifukia."

Latifa alifikiri. Alipiga hesabu zake mwenyewe kichwani, mbegu, tuta, shimo, na safari hii jambo lilikuwa limefika mwisho. Alinawa. Akamega tonge dogo, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota, akala. Akatafuna muda mrefu. Akamega jingine.

Mwanamisi alitaka kumega na yeye. Aliunyoosha mkono, na palepale akaurudisha kifuani, akaukumbatia kwa ule mwingine, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Sauti iliyomtoka hakuitambua.

Latifa aliacha kutafuna. "Bibi, unalia nini?"

"Mkono unauma."

"Ule wa Jumatatu?"

"Ee, mjukuu wangu, ule wa Jumatatu," alisema Mwanamisi. "Umeanza leo. Kula, usiniangalie. Wewe kula."